Sijaona

Fulana zilikuwa mbili, Mfaume.
Tulizinunua pamoja pale stendi, nyeupe, za mtumba,
yako ina tundu kwapani.
Brashi uliishika wewe, ile ya kuandikia magunia,
na rangi nyeusi tuliyoikwapua ghalani Nanhyanga.
Ukaandika yako, kisha ukaandika yangu,
maana mwandiko wangu, ulisema, ni wa kuku.
MAMA KAUZA KOROSHO. MAMA HAJALIPWA.
Miezi mitano. Stakabadhi Bi Sharafa
kaihifadhi ndani ya mfuko mtupu wa salfa,
nyumba nzima inanuka dawa na ahadi.

Dakika ya sabini na moja.
Uwanja wa Nangwanda Sijaona,
jukwaani wageni wawili kutoka Dar,
wana daftari, wana maji ya chupa.
Walikuja kwa ajili yako.
(Mimi beki. Nani asafiri kilomita mia tano na ushei
kumtazama beki?)
Mpira ulitoka kwangu, hilo waliliandika.
Ukautuliza kifuani, ukawazungusha wawili,
kipa akalala upande aliouchagua mwenyewe,
wavu.
Ukakimbilia kwa wageni rasmi,
ukapandisha jezi mpaka kidevuni,
ukageuka kunitafuta.

Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu.
Kamba haikuwa imefunguka.

Kadi ya njano ni sheria, sina neno.
Yaliyofuata hayakuwa na kadi.
Barua yenye mhuri: utovu wa nidhamu, mechi kumi.
Katibu wa klabu, aliyekuwa akikuita "mwanangu",
akaanza kukuita "huyo kijana".
Wakala aliyekuwa akikupigia hata usiku wa manane
ghafla akawa mtu wa vikao.
Wale wa Dar walau walisema kweli:
"Mguu tunautaka. Jina lake lina kelele."

Kamati ikaniita.
Chumba kina feni isiyozunguka,
fulana yako juu ya meza, imekunjwa vizuri,
sijui nani aliikunja.
"Umewahi kumwona akiandika maneno haya?"
Yangu ilikuwa mwilini, chini ya shati,
rangi imegandana na jasho,
HAJALIPWA iko usawa wa kitovu.
"Sijaona," nikasema.
Mwenyekiti akacheka: "Kama jina la uwanja!"
Wakacheka wote.
Nami.

Mwezi wa saba nikapanda basi la alfajiri.
Misimu sita. Sikuwa nyota, lakini mshahara ulikuja kwa tarehe.
Nikajenga Mahuta, bati la msauzi.
Walioniuliza kwetu wapi niliwaambia Mtwara;
wakatania korosho, wakatania gesi, wakacheka,
nikacheka.
Kucheka nilishajifunza.

Juzi nimekukuta ghalani,
goti moja limenenepa kuliko jingine,
unapima magunia ya chama cha msingi.
Vijana wanakuita Kocha. Jioni unawafundisha
uwanja wa shule, magoli ya mianzi.
Nilileta viatu jozi kumi na moja.
Ukavihesabu kama unavyohesabu magunia,
ukanipa daftari nitie sahihi.

Nikauliza habari za mama.
"Alilipwa. Mwaka ule ule, mwezi wa tisa.
Wapo wanaosema ni kwa sababu ya fulana.
Wapo wanaosema zamu yake ilikuwa imefika tu."
Na wewe unasemaje, sikuthubutu.

Ukatenga ming'oko, bado inafuka moshi,
chumvi kwenye kisahani, pilipili pembeni.
Nilitaka kukuambia ile ya pili iko wapi:
sandukuni, haijafuliwa hata mara moja,
mke wangu anadhani ni kitambaa cha kufutia gari.
Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Ukanitangulia. Unamenya, macho hukuyainua:
"Na kamba za viatu, siku hizi
zinakaa?"